Jina la SAR: Karabini ya Simonov na Msamiati wa Bunduki, Kilosa hadi Mikumi

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania lipo jina la bunduki linalotamkwa na wengi na kufafanuliwa na wachache. Jina hilo ni SAR. Huonekana magazetini katika habari za ujambazi na za ujangili, hutajwa na polisi wanapoeleza silaha iliyokamatwa, na huingia katika ushahidi wa mahakamani. Msemaji wa kawaida hujua kwamba SAR si SMG, si Mark IV, wala si gobore. Jambo ambalo jina lenyewe halimwambii ni namna bunduki hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini sheria iitazame tofauti na nyingine.

Bunduki inayoitwa hivyo kwa kawaida ni karabini, yaani bunduki fupi ya kijeshi, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadaye kuundwa kwa wingi nchini China. Mhadhara huu unaeleza historia ya silaha hiyo tangu ilipobuniwa hadi ilipofika Tanzania, na kuiweka ndani ya historia ndefu zaidi ya majina ya bunduki katika nchi ya Kilosa na Mikumi. Hoja yake kuu ni kwamba jina la bunduki ni hati ya safari yake: huonyesha njia iliyopitia na watu walioileta. Hata hivyo, katika safari hiyo Kiswahili kilipoteza tabia yake ya zamani ya kuita bunduki kwa utendaji wake, na upotevu huo una gharama leo, wakati Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria.

2. Majina yaliyoeleza kazi

Msamiati wa bunduki katika Kiswahili ni wa tabaka kadhaa. Neno bunduki limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni jina la tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kutoka tunda likahamia kwenye kitufe cha kurushwa, na kutoka kitufe likahamia kwenye chombo kinachokirusha. Risasi ni neno la Kiarabu la madini yenyewe, na hata leo katika Kiswahili risasi ni madini na ni kitu kinachofyatuliwa. Bastola ina asili ya Kireno. Mzinga, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu: gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki likalipa jina lake bomba la chuma linalotema moto.

Lakini lenye maana zaidi kwa mada hii ni namna wenyeji wa pwani na wa njia za misafara walivyozipambanua bunduki zenyewe. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, iliyopata cheche kutoka kwenye jiwe. Ikaja bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake iligonga kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Zote hizo zilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, na gobore ndilo jina lililosalia kwa jamii yote ya bunduki za kushindiliwa. Kamusi za zamani, tangu ile ya Krapf ya 1882 hadi ile ya Johnson ya 1939, zimehifadhi sehemu kubwa ya msamiati huu. Tabia yake ni moja: jina linasema moto unatoka wapi. Mtu aliyelisikia jina alikuwa tayari amefundishwa nusu ya matumizi ya chombo.

Kilosa ilikuwa mahali pa kufaa kwa elimu ya namna hiyo. Bonde la Mto Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za misafara kati ya pwani na bara, na biashara ya pembe za ndovu, baruti na bunduki ilipita katika nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Katika nchi hiyo hiyo, mnamo Novemba 1884, Carl Peters alimtia Mangungo wa Msovero katika mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo Mangungo hakuisoma. Tukio hilo hufundishwa shuleni kama habari ya ulaghai. Kwa mtaalamu wa lugha ni pia habari ya istilahi: upande mmoja ulijua maneno yanafunga nini, na upande wa pili haukujua.

Miaka sita baadaye, lugha ya bunduki nayo iliingia katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikwaruzo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, dola za Ulaya ziligawanya watu kwa kigezo cha utendaji wa silaha: anayeshindilia kwa mdomo wa mtutu na anayetia risasi kwa nyuma. Kuendelea kuwapo kwa gobore vijijini hakuwezi kuelezwa kwa umaskini peke yake. Sheria ilichangia kuliweka huko.

Mgawanyo huo haukuzuia kila kitu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki zake nyingi za kisasa. Mnamo Oktoba 1892 walikishambulia kituo cha Wajerumani cha Kondoa, karibu na Kilosa, ambayo haipaswi kuchanganywa na Kondoa ya Irangi. Nguvu ya Wahehe iliendelea kutegemea zaidi mkuki na mbio za vikosi kuliko bunduki zilizotekwa, kwa sababu bunduki ya kutiwa risasi kwa nyuma huhitaji risasi zilizotengenezwa kiwandani. Gobore hula baruti na kipande chochote cha chuma, ilhali bunduki ya kisasa hula chakula kimoja tu, nacho hutoka kwa aliyeiunda.

3. Moshi, kasi na vita ya 1914 hadi 1918

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871. Bunduki hiyo ilichukua risasi moja tu kwa wakati mmoja na kutumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipolala mpigaji, ingawa Ufaransa ilikuwa imekwisha kuingiza baruti isiyo na moshi tangu 1886. Mnamo Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliitwaa Kilosa, na mapigano yakasogea kusini kupitia Ulaya na Kidodi kuelekea Mto Ruaha Mkuu, katika nchi ambayo leo imepakana na Mikumi.

Vita hiyo ilileta jina jipya, bombom, yaani bunduki ya rashasha. Jina hilo halielezi utendaji, linaiga mlio. Ni dalili ya mwanzo wa badiliko, kwani mashine ilikuwa imeanza kuwa ngumu kiasi kwamba msikilizaji alibaki na sauti yake tu. Baada ya vita, chini ya utawala wa Waingereza, ilienea bunduki ya Lee-Enfield, na mfano wake mmojawapo ndio uliobaki katika Kiswahili kwa jina la Mark IV. Hapa hata sauti imetoweka, ikabaki namba ya kiwanda.

Tofauti ya bombom na bunduki ya askari wa kawaida ndiyo iliyowashughulisha wabunifu wa silaha duniani. Bunduki ya Mauser au ya Lee-Enfield ilimlazimu askari avute komeo la chuma nyuma ya mtutu kwa mkono, atoe ganda tupu na kusukuma risasi mpya, kila mara alipofyatua. Swali lilikuwa hili: je, nguvu ya mlipuko wenyewe haiwezi kuifanya kazi hiyo? Mexico iliikubali bunduki ya Mondragón mwaka 1908, Ufaransa ikaingiza bunduki yake ya mfano wa 1917 kabla vita haijaisha, na Marekani ikawa ya kwanza kulipa jeshi lake lote silaha ya namna hiyo ilipoikubali bunduki ya John Garand mwaka 1936. Mwaka 1941 Marekani iliongeza karabini nyepesi ya M1, ambayo iliundwa kwa zaidi ya milioni sita.

4. Karabini ya Simonov

Sergei Simonov alizaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1986. Bunduki yake ya kwanza kukubaliwa na jeshi la Kisovyeti ilikuwa ya 1936. Ilikuwa tata mno, na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya mshindani wake Fyodor Tokarev, ya mwaka 1938 na kuboreshwa mwaka 1940. Tatizo lililowasumbua wote wawili lilikuwa katika risasi. Risasi ya jeshi la Kirusi, yenye ganda la milimita 54, ilikuwa na nguvu ya kufika mbali kuliko askari wa kawaida anavyoweza kulenga. Nguvu hiyo ya ziada iliitesa mashine na bega pia.

Suluhisho lilipatikana mwaka 1943, ilipobuniwa risasi yenye kipenyo kile kile cha milimita 7.62 lakini ganda la milimita 39 tu. Kwa risasi hiyo fupi Simonov alijenga karabini yenye urefu wa takriban mita moja na uzito usiofika kilo nne. Mwaka 1945 idadi ndogo ilijaribiwa vitani, katika uwanja wa mapigano wa Belarusi, na mwaka 1949 ikakubaliwa rasmi. Viwanda vya Tula na Izhevsk viliiunda hadi katikati ya miaka ya 1950.

Utendaji wake unaelezeka bila istilahi nyingi. Risasi inapopita mtutuni, sehemu ya gesi ya baruti huingia katika kitundu kilichotobolewa juu ya mtutu na kuisukuma pistoni. Pistoni hulisukuma komeo nyuma. Komeo hufunguka, hulitoa ganda tupu na kuibana springi. Springi nayo hulirudisha komeo mbele, na komeo likirudi huokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyojengwa ndani ya bunduki, yenye nafasi ya risasi kumi. Hapo mashine husimama. Haitafyatua tena mpaka kidole kiachie kifyatulio na kukikandamiza upya. Hili ndilo jambo la kushika: karabini ya Simonov hujiandaa yenyewe, lakini haifyatui yenyewe. Kila mlio una kidole chake.

Bahati mbaya ya karabini hiyo ni kwamba ilipitwa siku ile ile iliyozaliwa. Mwaka huo huo wa 1949 jeshi la Kisovyeti liliikubali pia bunduki ya Mikhail Kalashnikov, iliyotumia risasi ile ile, ikabeba risasi thelathini, na kuweza kufyatua mfululizo maadamu kidole kimekandamiza. Katika muda wa miaka michache Kalashnikov ilichukua nafasi ya mbele, na karabini ya Simonov ikabaki kwa vikosi vya nyuma na magwaride ya heshima. Maisha yake marefu yalikuwa yawe kwingine.

5. Njia ya China na asili ya herufi

Mwaka 1956 China ilianza kuiunda karabini hiyo, na ikaiita ya aina ya 56 kwa kufuata mwaka. Lakini bunduki ya Kalashnikov iliyoundwa China nayo iliitwa ya aina ya 56, na bunduki nyepesi ya rashasha iliyotumia risasi hiyo hiyo pia ikaitwa ya aina ya 56. Silaha tatu tofauti zilikuwa na namba moja, na kilichozitenganisha ni jina la jamii lililofuata namba.

Hapa ndipo ushahidi wa lugha unapoanza kusema. Warusi waliiita silaha ya Simonov karabin, na ya Kalashnikov avtomat. Wachina hawakufuata mgawanyo huo. Kwao silaha ya Simonov iliwekwa katika jamii ya bunduki za nusu otomatiki, na ya Kalashnikov ikawekwa katika jamii ya bunduki ndogo za rashasha. Majina ya Tanzania yanalingana na mpangilio wa Wachina, si wa Warusi. SAR ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya bunduki ya nusu otomatiki. SMG ni herufi za maneno yenye maana ya bunduki ndogo ya rashasha, jina ambalo wasemaji wa Kiingereza wa Ulaya na Marekani kwa kawaida hawaipi Kalashnikov. Herufi ni za Kiingereza, lakini mgawanyo ulio nyuma yake unaelekea kuwa wa Kichina.

Historia ya kisiasa inaafiki ushahidi huo. Tarehe 20 Januari 1964 jeshi la Tanganyika Rifles, lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, liliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Colito ilipewa jina la Lugalo, kwa kumbukumbu ya ushindi wa 1891. Kuanzia mwaka huo huo wa 1964 China ikawa mshirika mkubwa wa jeshi jipya kwa wakufunzi na silaha. Aidha, Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963, na FRELIMO, iliyoanza mapambano ya silaha tarehe 25 Septemba 1964, ilikuwa miongoni mwa majeshi ya ukombozi yaliyotumia karabini ya Simonov. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisisitiza mgambo wa wananchi, na elimu ya silaha ikapanuka kutoka kambini kwenda wilayani. Lugha ya mafunzo hayo ilikuwa Kiswahili. Majina ya silaha yaliingia katika Kiswahili hicho yakiwa herufi tupu.

Ulinganisho na tabaka la kwanza la msamiati unafundisha. Mrao na gumegume yalikuwa maneno yenye maana kabla ya kuwa majina ya bunduki. SAR na SMG pia yana maana, tena sahihi, lakini maana hiyo imefungwa ndani ya lugha nyingine. Kwa anayezijua herufi ni maelezo; kwa asiyezijua ni chapa.

6. Mikumi: pale ambapo neno ni sheria

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa kuundwa kwa jeshi jipya. Hadi mwaka 2019 ilipakana na pori kubwa la Selous lililokuwa kusini yake, na ndovu wa sehemu hizo mbili walihesabiwa pamoja. Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa takriban 109,000. Sensa ya 2013 ilikadiria takriban 13,000. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na wimbi la ujangili la miaka ya 1980, Operesheni Uhai ya 1989 na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe iliyopitishwa mwaka huo, kisha wimbi jingine baada ya 2009. Silaha zilizotumika zilikuwa za namna nyingi, kuanzia gobore la kijijini hadi bunduki za kivita, na haifai kuitwisha silaha moja lawama yote.

Kilicho wazi ni kwamba sheria haizitazami silaha hizo kwa jicho moja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa silaha inayoweza kufyatua risasi zaidi ya moja kwa mkandamizo mmoja wa kifyatulio, au inayoweza kujiandaa upya zaidi ya mara moja bila kitendo kingine cha mtumiaji. Mgawanyo huo ni wa utendaji, kama ulivyokuwa wa Brussels mwaka 1890. Sehemu ya kwanza inaigusa Kalashnikov. Sehemu ya pili ndiyo inayoigusa karabini ya Simonov. Herufi SAR hazimfundishi mkulima wa Kilosa wala mfugaji wa Mikumi tofauti hiyo, ingawa huenda siku moja akatakiwa kuieleza kizimbani.

Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapotafsiriwa, mfasiri atakutana na kifungu hicho na kutakiwa kuchagua neno. Nusu otomatiki ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo inapotosha, kwa kuwa msikilizaji anaweza kudhani kwamba bunduki hiyo hufyatua mfululizo kwa nusu ya kasi. Inayojipakia inaeleweka, ila kitenzi pakia kimezoea mizigo na magari. Kushindilia ni kwa gobore.

Kiswahili cha askari, hata hivyo, kimekwisha kutoa kitenzi kinachofaa, nacho ni koki. Kukoki bunduki ni kuvuta komeo ili risasi iingie mahali pake tayari kwa kufyatuliwa. Kitenzi hiki kina asili ya Kiingereza, lakini kimepokea viambishi vya Kiswahili bila taabu, na kwa hiyo kinazaa mgawanyo mzima kwa maneno machache: Mark IV ni bunduki ya kukoki kwa mkono kila risasi, SAR ni bunduki inayojikoki na kufyatua risasi moja moja, SMG ni bunduki inayojikoki na kuweza kufyatua mfululizo. Katika maelezo hayo matatu hakuna herufi ya kukariri, na asiyewahi kuishika silaha hata moja anaweza kuzitofautisha. Kiambishi rejeshi -ji- kimefanya kwa silabi moja kazi ambayo Simonov aliifanya kwa pistoni na springi.

7. Hitimisho

Historia ya karabini ya Simonov ni ya silaha iliyokosa nafasi nyumbani kwake ikapata maisha marefu ugenini. Ilitoka Tula, ikapewa namba China, na ikafika Tanzania pamoja na jeshi jipya na mapambano ya ukombozi. Jina lake la Tanzania limehifadhi safari hiyo kwa uaminifu kuliko watumiaji wake walivyotambua, na wanafunzi wa historia ya Kiswahili wana sababu ya kuziheshimu hata herufi tatu zinazoonekana kuwa kavu.

Lakini jina linaloonyesha njia si lazima liwe jina linaloonyesha maana. Mababu wa njia ya misafara, walioletewa bunduki ngeni, hawakuipokea mpaka walipoipa jina linalosema moto wake unatoka wapi. Kazi hiyo inawangoja sasa waandishi wa kamusi, wafasiri wa sheria na wakalimani wa mahakama. Yaliyompata Mangungo wa Msovero yanatosha kuonyesha hasara ya kutia alama kwenye maneno ambayo mtu hawezi kuyafungua. Wananchi wa Kilosa na Mikumi, na wenzao nchini kote, wanastahili sheria ambayo wakisomewa wataelewa ni chuma gani kinachozungumziwa, na kinafanya nini.